Tiketi ao hapana: namna mgeni anasafiri Goma, kutoka bandarini mpaka Mabanga

Mgeni mwenye kufika Goma mara ya kwanza anaulizaka: tiketi ya kwenda Mabanga inauzishwa wapi? Ndani ya mji, tiketi hakuna. Kuko mapatano ya mdomo tu.

Kwa pikipiki, zile watu wanaita moto, bei inapatanwa mbele ya kupanda. Mabanga ni mitaa miwili, Kaskazini na Kusini, yote katika komine Karisimbi. Ukisema "Mabanga" peke yake, motari anaweza kukushusha mbali na mahali unaenda, kisha aombe nyongeza. Afazali jamaa inayokungojea ikutajie kanisa ao shule ya karibu. Uliza: "Mpaka pale ni franka ngapi?" Mizigo ao mtu wa pili vinasemwa pia mbele, sababu bei inabadilika.

Kwa taxi-bus, kila nafasi ina bei kufuatana na njia. Konvuayeri njo anapokea makuta, na karatasi haitoi. Ukiwa na mashaka, uliza abiria wa pembeni bei ni ngapi. Beba noti ndogo za 500 na 1000, sababu kurudishiwa pesa ni shida. Dola yenye kupasuka, hata kidogo, inakataliwa.

Kwenye ziwa Kivu ni tofauti: kule tiketi inalinda mutu. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na Kituku, hapa Goma, ikiwa imejaa kupita kiasi. Makumi ya watu walikufa. Idadi ya waliopanda ilibishaniwa, na jamaa nyingi zilikosa kujua kama mtu wao alikuwa ndani.

Kwa hiyo, kwa safari ya Bukavu ao Minova, nunua tiketi kwenye ofisi ya boti, si kwa kijana wa njiani. Angalia jina lako limeandikwa sawa na kwenye kadi ya uchaguzi, na uulize kama limeingia pia kwenye liste ya wasafiri. Usisafiri na tiketi ya jina la mwingine. Piga picha ya ile tiketi, uitume kwa jamaa mbele ya kuondoka. Ukipanda, omba jile la kuogelea. Ukiona boti imejaa, shuka: ingine itaondoka.