Kombora la Mombasa, Injini ya Muhuru

Msomaji wetu wa Muhuru Bay ametuandikia kwa hasira. Kila aingiapo supamaketi mjini Migori, askari humpitishia kile kidude kinacholia kikikutana na chuma. Kinalia, na askari anamwambia apite tu. "Hicho kinazuia ugaidi gani?" anauliza. Swali lake lina jibu la hesabu, na hesabu yenyewe ni tamu.

Tuanzie Mombasa, tarehe 28 Novemba 2002. Ndege ya Arkia ya Israeli, Boeing 757 yenye abiria 261, ilikuwa ndiyo kwanza inapaa pale makombora mawili ya kurushwa kutoka begani yalipoikosa. Asubuhi hiyo hiyo hoteli ya Paradise, Kikambala, ililipuliwa na watu 13 wakauawa. Marekani ikaanza kujiuliza: tuzifungie ndege zote za abiria vifaa vya kulipoteza kombora? Gharama yake ni mabilioni ya dola.

Mwaka 2006 watafiti Detlof von Winterfeldt na Terrence O'Sullivan waliuchorea uamuzi huo mti. Shina ni kufunga au kutofunga. Matawi ni yale yanayoweza kutokea. Gaidi ajaribu au asijaribu. Kombora lipate au likose, kama Mombasa. Likipata, ndege ianguke au isianguke: Novemba 2003 ndege ya mizigo ya DHL ilipigwa bawani Baghdad na bado ikatua. Kila tawi lina uwezekano wake na hasara yake. Unazidisha, unajumlisha, unalinganisha.

Lakini nani ajuaye uwezekano wa gaidi kujaribu? Hapa ndipo ninapopapenda. Waligeuza swali: uwezekano huo ni lazima ufike wapi ndipo kinga ilipe gharama yake? Kiwango hicho mimi nakiita kizingiti.

Mchukue mvuvi wa omena wa Muhuru. Usiku wa mbalamwezi taa hazivuti samaki, maboti yamelala ufukweni, na wezi wa injini wako macho. Tuseme injini yake ni shilingi 300,000, na mnyororo na kufuli ni 6,000 kwa mwaka. Wezi wanapanga nini, hajui, wala hana haja ya kujua. 6,000 gawa kwa 300,000 ni asilimia 2: akiona uwezekano wa kuibiwa mwaka huu unapita hapo, anunue. Sasa ongeza ukweli kwamba mnyororo hukatwa. Ukizuia nusu tu ya wizi, kizingiti kinapanda hadi asilimia 4. Ukizuia mmoja kati ya kumi, asilimia 20. Kisha kumbuka kwamba bila injini hakuna kuvua, na deni la nyavu halingoji. Hasara ikifika 600,000, hiyo 20 inashuka hadi 10. Hajatabiri chochote, ila sasa mabishano yamekuwa madogo: je, hapa bichi kwetu, kati ya injini kumi, moja huibwa kila mwaka? Hilo kila mtu pale anaweza kulijibu.

Kwa ndege, vizingiti vilikuwa vitatu: uwezekano wa shambulio uzidi takriban asilimia 40 katika miaka kumi, hasara ipite dola bilioni 75, na vifaa vigharimu chini ya bilioni 15. Hasara ni kubwa hivyo kwa sababu abiria wakiogopa kupanda, uchumi mzima unaumwa. Gaidi pia huhamia pasipolindwa, kama mwizi kwa boti ya jirani, na hapo hesabu huyumba.

Turudi kwa kidude cha Migori. Bei yake ni ndogo, kwa hiyo kizingiti chake kingekuwa chini sana, mradi kikilia askari afungue begi. Akisema "pita tu", kinazuia sufuri, na gawa kwa sufuri uone: hata ingekuwa hakika kwamba gaidi anakuja kesho, kidude hicho hakilipi.