Usiitoe Sumaku ya Tarumbeta Kuukuu

Ofisi yetu ya wilaya ilikuwa na kipaza sauti kimoja cha zamani, kile chenye mdomo mpana wa tarumbeta, ambacho wengi wenu mmekizoea katika viwanja vya gwaride na mikutano ya hadhara. Siku mbili kabla ya chanjo ya watoto kikaanza kukwaruza. Nami, kwa majivuno ya mtu aliyewahi kufundisha sayansi, nilitwaa bisibisi nikakifungua chote, hata sumaku ikatoka katika kikombe chake cha chuma. Nilisafisha kila kipande nikakirudisha mahali pake. Mkwaruzo ulikwisha, lakini sauti nayo ilififia. Siku ya chanjo akina mama waliokaa nyuma hawakusikia majina ya watoto wao yakiitwa, na wawili walirudi nyumbani wakidhani wamesahauliwa.

Kosa langu halikuwa kusafisha, bali kuitoa sumaku.

Ndugu msomaji, nyuma ya tarumbeta kuna kifaa kizito cha mviringo ambacho mafundi hukiita yuniti. Ndani yake mna kiwambo chembamba, cha alumini au cha kitambaa kilichokaushwa kwa gundi ngumu, na ukingoni mwake umezungushwa waya mwembamba, yaani koili. Koili hukaa katika mwanya mdogo baina ya ncha mbili za sumaku. Umeme wa sauti upitapo humo, koili husukumwa mbele na nyuma, na kiwambo hutikisa hewa. Tarumbeta huielekeza sauti isitawanyike ovyo, ndiyo maana wati chache hutosha kufika mbali.

Wamarekani E. C. Wente na A. L. Thuras, wa maabara ya Bell, ndio waliobuni yuniti mashuhuri ya Western Electric 555 ya mwaka 1926, iliyotumika katika majumba ya sinema filamu zilipoanza kusema. Sumaku yake ilikuwa ya umeme: ukiukata umeme, nguvu imekwisha, ukiurudisha, nguvu imerudi. Yuniti za baadaye, kama Altec Lansing 288 ya mwaka 1945, zilitumia sumaku ya kudumu iitwayo alniko, mchanganyiko wa chuma, alumini, nikeli na kobalti. Hiyo ikizungukwa na chuma chake hudumu miaka mingi. Ikitolewa nje hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake papo hapo, na kuirudisha ndani hakusaidii. Sharti itiwe nguvu upya kwa mashine, ambayo si kila fundi anayo.

Tena alniko imekuwa adimu. Mwaka 1978 waasi walipoingia mkoa wa Shaba na kuuteka mji wa Kolwezi, bei ya kobalti ilipanda mno, kwani Zaire, yaani Kongo ya leo, ndiyo iliyokuwa mchimbaji wake mkuu duniani. Viwanda vingi vya vipaza sauti vikahamia kwenye sumaku za feraiti.

Basi yuniti ikikwaruza, fungua kifuniko cha nyuma tu. Tia alama kwanza, ili kila kitu kirudi kilipokuwa. Tumia bisibisi isiyovutwa na sumaku ukiweza. Ile ya chuma huruka mkononi ikatoboa kiwambo, na hapo umejiongezea gharama. Kiinue kiwambo wima, bila kukipinda. Pima koili kwa mita: yuniti ya omu 16 kwa kawaida husoma pungufu kidogo ya hapo. Isiposoma kitu, waya umekatika.

Mwanya haufai kupulizwa tu, maana chembe za chuma hung'ang'ania sumaku. Chukua kipande cha karatasi ngumu, kizungushie utepe wa kunata, gundi ikiwa nje, ukipitishe taratibu mwanya mzima mpaka utepe utoke safi.

Ukinunua kiwambo kipya, omu zake zilingane na za kile cha zamani. Kaza skrubu kwa kupokezana, huku na upande wa pili, kidogo kidogo, huku ukipitisha sauti nene kwa kiasi cha chini kabisa. Ukisikia mkwaruzo, legeza, sogeza kiwambo unywele mmoja, kaza tena. Kazi hii haitaki haraka. Mimi huifanya watoto wakishalala. Usijaribu kwa sauti kubwa kabla ya kuifunga yuniti kwenye tarumbeta, kwa sababu kiwambo kisichozuiwa na hewa yake huchezacheza kupita kiasi kikapasuka. Sauti nene sana nazo hukiua, hivyo fundi aunge kapasita ya kuzizuia.

Yuniti ya ofisi yetu ilipelekwa mji mkuu kutiwa sumaku upya. Nauli ya kwenda na kurudi niliilipa mwenyewe.