Gari Linalowaka Likijisikia: Pima Kabla ya Kununua Betri

Asubuhi gari linawaka fresh tu. Mchana unapiga stata, linalia "tik" halafu kimya. Ukilifikisha kwa fundi, linawaka kama halijawahi kusumbua! Wenzetu wanaojisomesha kwa teksi wanaujua mchezo huu: unabadilisha betri, kisha alteneta, bumu linaisha na ugonjwa uko palepale.

Tatizo la kuja na kuondoka mara nyingi liko kwenye maungio: tamino yenye kutu, au waya wa ethi uliolegea. Stata huvuta ampea nyingi, mara nyingi zaidi ya 100. Muungo mbovu unaweza kupitisha umeme wa kuwasha taa, lakini ukashindwa na mzigo huo. Kwa hiyo taa kuwaka si ushahidi.

Chukua mita. Betri nzima iliyojaa, injini ikiwa imezimwa na kupumzika, husoma karibu volti 12.6. Injini ikiunguruma, magari mengi husoma kati ya 13.8 na 14.5, ikibaki 12, chunguza alteneta na waya zake.

Zote zikiwa sawa, weka gia huru, vuta hendibreki. Ncha moja ya mita iguse tamino hasi, nyingine chuma cha injini, mwenzako apige stata. Ikizidi volti 0.5, ethi ndiyo mbovu. Rudia tatizo linapojitokeza, hasa injini ikiwa ya moto.

Kusafisha tamino na kukaza nati ni bei ya chai. Mwambie fundi: tupime kwanza.