Baraza la Kariakoo

Ndugu msikilizaji, wapo wanaosema Kariakoo ni kelele, jasho na vibaka tu. Mimi naipenda, na leo nitaeleza kwa nini.

Jina lake limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Baadaye ukastawi mtaa wa nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, nyuma ua wenye jiko na choo, mbele baraza. Chumba kilikuwa cha mpangaji, lakini baraza lilikuwa la mtaa. Mgeni aliyeshuka kutoka bara alijifunza jiji hapo: kazi iko wapi, nani kafiwa, unga umepanda bei gani. Watu wa makabila tofauti walitumia ua mmoja, wakazoea kusalimiana na kupishana.

Adabu hiyo ilipanda nao daladala. Mabasi ya watu binafsi yaliruhusiwa Dar es Salaam mwaka 1983, nauli ikiwa shilingi tano, sarafu iliyoitwa dala. Mpaka leo, katika basi la Mbagala lililojaa pomoni, konda akipiga kelele "sogea nyuma", utamsikia mama aliyesimama akimwambia asiyemjua: "Kaka, naomba unipakatie mtoto." Naye humpakata bila kuuliza jina. Hilo, kwangu, ni baraza linalotembea.

Hata soko kuu, lililochorwa na Mtanzania mwenzetu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lina roho hiyo. Mapaa yake ya zege yamekunjuliwa kama miavuli ili watu wengi wapate kivuli na hewa. Moto wa Julai 2021 ulituonyesha jinsi lilivyo tegemeo la wengi.

Sasa nyumba nyingi za zamani zimepisha maghorofa. Sipingi ghorofa, mji unakua. Lakini Novemba 2024 moja liliporomoka hapo hapo Kariakoo, likaua watu waliokuwa wakitafuta riziki. Basi tudai mambo mawili. Kwanza, jengo liwe imara na likaguliwe kweli kweli. Pili, chini ibaki nafasi ya mpita njia kukaa kivulini, si maduka matupu hadi ukingo wa barabara. Mtaa usio na pa kukaa pamoja hauwezi kumfundisha mtu kumpakata mtoto wa mwenzake.

Tukijaaliwa, tukutane juma lijalo.