Barafu Mikononi mwa Mfanya Mazingaombwe

Huenda mmekwisha kuuona mchezo huu. Mfanya mazingaombwe amimina maji kikombeni, apuliza, akipindua kikombe, na badala ya maji chaanguka kipande cha barafu. Watoto hupiga makofi. Watu wazima hutazamana, na mmoja hunong'ona, "Huyu ana dawa." Dawa hana. Ana sifongo, na tena ana haraka.

Siri yenyewe ni ndogo. Ndani ya kikombe kisichopenya macho hukazwa sifongo kavu, na juu yake huwekwa barafu kabla watu hawajakaribia. Maji yakimwagwa machache, sifongo huyanywa yote. Kikombe kikipinduliwa, sifongo hubaki, barafu huanguka.

Je, twamharibia mtu riziki yake kwa kusema hayo? Hatudhani. Siri hii yajulikana siku nyingi, na mchezaji mwema husema wazi kwamba anacheza. Lakini kikombe kile kile chaweza kushikwa na mtu amwambiaye mama wa mgonjwa kwamba amepewa nguvu za kugandisha maji, basi na alete fedha aponyeshewe mtoto. Mama huyo ndiye tunayemwandikia.

Tena ajuaye siri hajajua kazi. Fikirini mtu wa Luano, upande wa kiwanja cha ndege cha Lubumbashi, atakaye kuwachezea wanafunzi. Nchi ile iko juu, karibu mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai baridi huuma. Lakini mwezi wa Oktoba, mvua hazijaanza, joto hupita nyuzi 30, nao umeme hukatika bila kuaga. Akiitia barafu kikombeni mapema, itayeyuka, sifongo ishibe kabla ya wakati, na maji yamchuruzikie mikononi mbele ya watu. Akiitoa katika friji na kuimwagia maji papo hapo, itapasuka kwa mlio, na siri imejitangaza. Yampasa aiache kwanza mpaka uso wake ulowe na kung'aa, kisha atumie maji baridi. Kikombe nacho hutoka jasho nje. Kitambaa kiwe karibu. Sisi twaona mchezo huu ufunguliwe nao mkutano, wala usingoje hotuba za wakubwa.

Watu wa Katanga si wageni wa barafu. Kabla ya uhuru wa 1960, wafanya biashara Wagiriki wa Kasenga walipakia samaki wa Luapula katika barafu na kuwapeleka kwa malori hadi Elisabethville, mji ulioitwa Lubumbashi tangu 1966. Hao nao walishindana na jua njiani.

Kwingineko wamefanya makubwa zaidi. Mwezi wa Novemba 1000 mbili kamili, yaani 2000, Mmarekani David Blaine alisimama ndani ya bonge la barafu katika uwanja wa Times Square, New York, zaidi ya saa 60, akipumua kwa mpira. Alipotolewa alipelekwa hospitali. Hapo hapakuwa na sifongo. Palikuwa na mwili wa mtu na baridi.

Wavulana watakaotaka kujaribu, tunawapa mchezo mwepesi. Weka kipande cha barafu katika sahani, laza uzi uliolowa juu yake, nyunyiza chumvi kidogo, hesabu mpaka 60, kisha inua uzi: barafu itafuata. Chumvi huyeyusha uso wa barafu, na kuyeyuka huko huvuta joto la vitu vilivyo karibu, hata maji yanayouzunguka uzi huganda tena na kuushika. Lakini fanyeni katika sahani, si katika kiganja! Barafu na chumvi pamoja zaweza kushuka hata nyuzi 21 chini ya sifuri, na ngozi huungua kwa baridi kama kwa moto. Na ile iitwayo barafu kavu, itoayo moshi mweupe jukwaani, ina nyuzi 78 chini ya sifuri. Msiiguse kwa mkono mtupu, wala msiifungie katika chupa, kwani chupa itapasuka.