Mbinu za Kianthropolojia katika Utafiti wa Utalii

Hojaji humwezesha mtafiti kujua idadi ya watalii na matumizi yao. Hata hivyo, haioneshi jinsi wenyeji na wageni wanavyotazamana. Ili kulibaini hilo, anthropolojia hutumia ushuhudiaji shirikishi, usaili wa kina na ulinganishi wa maeneo.

Utafiti wa Edward Bruner nchini Kenya, uliochapishwa mwaka 2001, unathibitisha umuhimu wa ulinganishi. Katika shamba la familia ya Mayers, Bonde la Ufa, Wamaasai walicheza mbele ya wageni wa kigeni, huku saa na redio zao zikifichwa. Katika Bomas of Kenya, taasisi ya serikali jijini Nairobi, wachezaji walioajiriwa walicheza ngoma za makabila mbalimbali, na watazamaji wengi walikuwa Wakenya wenyewe. Eneo la tatu lilikuwa karamu ya jioni ya watalii huko Masai Mara. Mtafiti anayeuliza tu iwapo ngoma ni ya asili angekosa maswali ya msingi zaidi: nani huandaa onesho, kwa ajili ya nani, na kwa faida ya nani?

Kwa hiyo, mtafiti hana budi kubaki uwandani hata baada ya watalii kuondoka na kuwasaili wachezaji nje ya jukwaa. Aidha, kwa kuwa wenyeji huweza kumdhania kuwa mtalii, anapaswa kubainisha nafasi yake, kwani huathiri data anayopewa.