Rangi ya Kweli ya Mtoto Pichani

Askari aliye kituoni, mbali na jamaa zake, hupokea picha ya mwanawe katika simu akauona uso umefifia na kuwa wa kijani. Mtoto si mgonjwa. Alipigwa picha chini ya mwembe. Majani huchuja mwanga wa jua na kuumwagia uso rangi yao. Kivuli cha ukuta nacho, chini ya anga tupu, huleta rangi ya buluu. Ardhi nyekundu hupandisha wekundu kidevuni.

Kasoro hiyo yaweza kurekebishwa kwa programu ya picha ya simu. Kwanza itunzwe picha ya asili, kazi ifanywe katika nakala. Kisha rangi isawazishwe kabla ya jambo lingine: kitafutwe kitu kijulikanacho kuwa cheupe, kama shati la shule, mpaka kirudie weupe wake. Buluu hupunguzwa kwa kuongeza manjano. Kijani, kwa kuongeza waridi. Ndipo penye giza pakolezwe na penye mwanga pang'arishwe, bila kuzifuta nyuzi za shati. Mwisho uso uongezewe nuru kidogo.

Hapo ndipo wengi hukosea. Kuongeza nuru si kumchubua mtoto. Ngozi yake ikiwa nyeusi, ibaki nyeusi. Baba anamtafuta mwanawe, si mtoto wa mwingine.

Siku nyingine mtoto asogezwe ukingoni mwa kivuli, uso ukielekea mwangani, na shuka jeupe litandikwe mbele yake. Picha njema haihitaji dawa nyingi.